perf inapovimba: kutafuta na kuziba uvujaji wa kumbukumbu ndani ya kipima utendaji

Umewasha `perf top` ujue ni programu gani inayoichosha seva, ukaiacha kwenye terminali ukaenda zako. Unarudi baada ya saa kumi, unapanga michakato kwa ukubwa wa kumbukumbu, na ya kwanza kabisa ni perf yenyewe. Mpelelezi ndiye mshtakiwa.

Mwongozo huu unahusu hali hiyo. Nimeuandika nikiwa na perf ya Linux mbele yangu, ile inayoishi kwenye saraka ya `tools/perf` ndani ya msimbo wa kenel tangu toleo la 2.6.31, mwaka 2009. Njia zake zinafaa pia kwa profaila (kipima utendaji) nyingine yoyote ya C inayokusanya sampuli, yaani picha za mara kwa mara za mahali programu ilipofika, inayofuatilia michakato na kutafsiri anwani kuwa majina ya funksheni.

Neno lenyewe, kuvuja, linapotosha kidogo. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi ndiye anayeelemewa, kwa sababu hakuna kinachotoka nje. Programu inakopa kumbukumbu kwa `malloc`, hairudishi kwa `free`, na deni linakua. Madeni haya ni ya namna mbili. Lipo lile ambalo mdaiwa amelisahau kabisa, hakuna hata kielekezi (anwani iliyohifadhiwa) kimoja kinachoonyesha lilipo. Na lipo lile analolikumbuka vizuri sana ila halilipi. La kwanza zana za uchunguzi hulikamata mara moja. La pili hazilioni, na kwa uzoefu wangu ndilo linalosumbua zaidi kwenye profaila. Ndiyo maana sianzi na zana. Naanza kwa kutazama kumbukumbu inakuaje.

## Kabla ya kufungua msimbo: inakua kweli?

Acha hii ikimbie kwenye terminali nyingine kwa nusu saa:

```
PID=$(pgrep -xo perf)
while sleep 10; do
  echo "$(date +%T) $(grep RssAnon /proc/$PID/status)"
done | tee ukuaji.txt
```

Natazama `RssAnon`, si `VmRSS`. `VmRSS` inajumlisha kila kitu, zikiwemo kurasa za faili zilizoletwa kwenye kumbukumbu, na kwa perf hilo ni mtego. Kwenye mashine ya biti 64, `perf report` huiweka `perf.data` nzima kwenye nafasi yake ya anwani kwa `mmap`. Ukisoma faili la GB 3, utaiona `VmRSS` ikipanda taratibu kuelekea GB 3 na utaapa kwamba inavuja. Haivuji. Ile ni `RssFile`, na kenel ikibanwa inaweza kuziachia kurasa hizo wakati wowote. `RssAnon` ndiyo iliyoombwa na programu yenyewe.

Lipo tukio moja ambapo hata `RssAnon` hudanganya: faili lililorekodiwa kwa `perf record -z`. Vipande vilivyokandamizwa hufunguliwa kwenye kumbukumbu na kubaki hapo mpaka kikao cha usomaji kifungwe. Ndivyo ilivyoundwa. Ukiwa na shaka, rekodi tena bila `-z` ulinganishe.

Bafa za mzunguko ambazo kenel humwagia sampuli nazo hushukiwa bure. Ukubwa wake hupangwa mwanzoni na haubadiliki. Mashine ya CPU 8 yenye `-m 128`, yaani kurasa 128 za KB 4 kwa kila CPU, inatumia MB 4 pamoja na ukurasa mmoja wa usimamizi kwa kila bafa. Kama kumbukumbu imefika gigabaiti, bafa hazimo kwenye kesi. Hali kadhalika saraka ya `~/.debug`: inaweza kunenepa kweli kweli, lakini hiyo ni diski.

Sasa tazama `ukuaji.txt`. Kumbukumbu ikipanda kwa kasi dakika za mwanzo kisha ikatulia, ulichokiona ni upakiaji wa simboli, yaani majina ya funksheni na anwani zake. Kila maktaba inayotokea kwenye sampuli kwa mara ya kwanza husomewa jedwali lake la majina, na kenel yenyewe ina majina mengi mno. Ikipanda kwa ngazi, yaani inaruka, inatulia, inaruka tena, ni hilo hilo: programu mpya zimeanza kuonekana. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni mstari ulionyooka usiotulia.

## Vishikio vitatu

Mstari ulionyooka una mwendo, na mwendo huo una kinachousukuma. Kwenye profaila visukumaji vikubwa ni vitatu: idadi ya sampuli, idadi ya michakato inayozaliwa, na idadi ya mara skrini inavyochorwa upya. Kila kimoja unaweza kukikaza au kukilegeza bila kugusa msimbo.

Sampuli kwanza, na `-F` ndiyo inayopanga idadi yake kwa sekunde. Endesha `perf top -F 99` kwa dakika kumi, kisha `perf top -F 990` kwa dakika kumi. Mwendo ukiongezeka takriban mara kumi, unavujisha kwa kila sampuli. Ukibaki vile vile, sahau msimbo wote unaoshughulikia sampuli. Umepunguza eneo la msako kwa zaidi ya nusu.

Kisha michakato. Rudi kwenye `-F 99` na uendeshe hii pembeni:

```
while :; do /bin/true; done
```

Andika `/bin/true` kamili. Ukiandika `true` peke yake, bash inatumia ile iliyo ndani yake na hakuna mchakato unaozaliwa. Utakaa ukishangaa kwa nini jaribio halionyeshi kitu. Mwendo ukiruka mara tu kitanzi kinapoanza na kurudi kinapokoma, tatizo liko kwenye ufuatiliaji wa michakato na nyuzi (mikondo ya kazi ndani ya mchakato).

Cha tatu ni skrini. Badilisha `-d 2`, yaani sekunde kati ya mchoro na mchoro, kuwa `-d 20`. Mwendo ukishuka, mkosaji yuko kwenye uchoraji au upangaji wa orodha. Hiki huwa hakina mambo mengi: tafuta mfuatano wa herufi unaotengenezwa kwa `asprintf` au `strdup` kila mchoro bila kuachiliwa.

Niliwahi kupoteza siku mbili kwa kuruka hatua hii. Nilichungulia kumbukumbu, nikaikuta imejaa simboli, nikazama kwenye msimbo wa simboli nikisoma mstari kwa mstari. Simboli hazikuwa na kosa. Zilikuwa zimeshikiliwa na maktaba, maktaba imeshikiliwa na ramani, ramani imeshikiliwa na uzi uliokwisha kufa, na uzi umeshikiliwa na funksheni moja iliyorudi mapema. Kitanzi cha `/bin/true` kingenionyesha hilo kwa dakika kumi.

## Inapanda kwa kila mchakato unaozaliwa

Hapa ndipo penye utamu wote, kwa hiyo tukae kidogo.

perf huhifadhi kwa kila uzi muundo wa `struct thread`, na kwa kila mchakato orodha ya ramani zake: kipande hiki cha anwani ni cha libc, kile ni cha programu yenyewe, kile ni cha mrundiko (stack). Mchakato unapozaa mwingine, mtoto hurithi nakala ya orodha ya mzazi. Amri ndogo iliyoishi milisekunde mbili inaacha nyuma yake muundo mmoja wa uzi na makumi ya ramani. Kwenye seva inayokompaili programu siku nzima, hizo ni amri ndogo maelfu kwa maelfu.

Sababu ya kwanza haihitaji ufundi: toleo. Matoleo ya zamani ya perf, yakipata tukio la uzi kufa, yaliutia alama tu kwamba umekufa na kuuacha kwenye mti, ule muundo unaohifadhi nyuzi zote. Ulitolewa pale tu namba yake ilipopewa mchakato mwingine. Matoleo mapya huutoa papo hapo, isipokuwa ripoti fulani iutake. Basi kabla ya kujiita fundi, kompaili perf mpya ujaribu nayo. Hailazimiki kulingana na toleo la kenel yako. Perf mpya hufanya kazi vizuri juu ya kenel ya zamani.

Sababu ya pili ndiyo ya kudumu: vihesabu vya rejeo. Kila anayeuhitaji uzi huita `thread__get` na kihesabu kinapanda. Akimaliza huita `thread__put` na kinashuka. Kikifika sifuri uzi unafutwa. Kosa la kawaida kuliko yote ni hili:

```c
static int shughulikia(struct machine *machine,
                       struct perf_sample *sample)
{
	struct thread *thread = machine__findnew_thread(machine,
					sample->pid, sample->tid);

	if (thread == NULL)
		return -1;

	if (sample->period == 0)
		return 0; /* hapa */

	hesabu(thread, sample);
	thread__put(thread);
	return 0;
}
```

Jina `findnew` linasikika kama la mtu anayechungulia tu. Ukweli ni kwamba linakukabidhi rejeo, na ukikabidhiwa ni juu yako kulirudisha. Njia kuu inalirudisha. Njia ya mkato kwenye `period == 0` hairudishi, na kwa kuwa sampuli za namna hiyo ni chache, kasoro inaweza kuishi miaka bila mtu kuiona. Tiba ni mlango mmoja wa kutokea:

```c
	if (sample->period == 0)
		goto out;

	hesabu(thread, sample);
out:
	thread__put(thread);
	return 0;
```

Ukisoma msimbo kwa ajili ya jambo hili, usiufuate kutoka juu kwenda chini. Tafuta kila `return`, `continue` na `break` iliyo kati ya kupokea rejeo na kulirudisha, uulize kila moja: huyu amelipa? `continue` ndani ya kitanzi ndiyo inayopita bila kuonwa mara nyingi zaidi.

Ndugu wa kosa hili ni `struct addr_location`, ule muundo unaobeba jibu la "anwani hii ni ya uzi gani, ramani gani, simboli gani". Nao hushika rejeo la uzi na la ramani. Ukiutumia bila kuufunga kwa `addr_location__exit`, umeacha marejeo hayo kwa mpigo. Huu sasa unavuja kwa kila sampuli, kwa hiyo kishikio cha kwanza ndicho kitakachoutikisa.

## Kumfanya mkosaji ajitaje

Ukishajua eneo, kompaili perf yenye AddressSanitizer, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu kinachoongezwa na kompaila. Ndani yake mna LeakSanitizer, kinachotafuta uvujaji.

```
cd tools/perf
make clean
make DEBUG=1 EXTRA_CFLAGS='-fno-omit-frame-pointer -fsanitize=address'
ASAN_OPTIONS=log_path=asan.log ./perf top
```

Hiyo `log_path` si pambo. Bila hiyo ripoti inamwagwa juu ya skrini ya perf na hutasoma kitu. Toka kwa `q`, si kwa `kill -9`, maana LeakSanitizer hufanya hesabu yake wakati programu inajifunga. Ukiiua, hakuna ripoti. Na usiiendeshe ndani ya gdb wala strace, kwa kuwa haifanyi kazi chini ya ptrace, njia ambayo zana hizo mbili hutumia kudhibiti mchakato mwingine. Kama kelele za Python zinafunika kila kitu, ongeza `NO_LIBPYTHON=1` kwenye `make`.

Ripoti ina mafungu mawili, `Direct leak` na `Indirect leak`. Soma la kwanza tu. Uzi mmoja uliopotea unaburuta ramani zake, ramani zinaburuta maktaba, maktaba zinaburuta simboli, na vyote hivyo vinaorodheshwa kama `Indirect`, kurasa kwa kurasa. Ukimwachilia mama, watoto wanamfuata.

Lakini ripoti ya kawaida ina udhaifu mmoja mkubwa kwa vitu vyenye vihesabu. Inakwambia uzi ulizaliwa wapi. Uzi wote huzaliwa mahali pamoja, `thread__new`. Unachotaka kujua ni nani aliyechukua rejeo akaondoka nalo, na hilo halimo.

Tangu mwaka 2023 perf ina dawa yake ya ndani, iitwayo `REFCNT_CHECKING`, na ni kazi ya kupendeza. Ikiwashwa, `thread__get` haikupi kielekezi cha uzi wenyewe. Inatenga kishikizi kidogo kinachoelekeza kwenye uzi, inakupa hicho. `thread__put` inakifuta. Kila rejeo sasa lina kumbukumbu yake, lenye kumbukumbu linaweza kuvuja, na linalovuja LeakSanitizer italionyesha pamoja na mfuatano wa miito uliolichukua:

```
Direct leak of 16 byte(s) in 2 object(s) allocated from:
    #0 malloc
    #1 thread__get
    #2 machine__findnew_thread
    #3 shughulikia
```

Baiti 16 kwa vitu 2, yaani baiti 8 kila kimoja: kielekezi kimoja cha biti 64, basi. Ukiona baiti 8 namna hii ujue umekutana na kishikizi, na mstari wa `#3` ndio unaokutajia jina la mkosaji. Huna haja ya kukiwasha mwenyewe; ukikompaili kwa `-fsanitize=address` kinawaka chenyewe. Faida nyingine: anayetumia uzi baada ya kuurudisha anakuwa anagusa kishikizi kilichofutwa, na AddressSanitizer inamkamata hapo hapo hata kama uzi wenyewe bado upo kwa sababu ya mwingine anayeushika.

Valgrind nayo ipo, lakini Memcheck huipunguza programu mwendo mara 20 au 30, na `perf top` iliyopunguzwa hivyo haiwezi kuziondoa sampuli kwenye bafa kwa wakati. Itumie kwa `perf report` juu ya faili dogo, ambako hakuna haraka.

## LeakSanitizer iko kimya, kumbukumbu inapanda

Hili ndilo deni la aina ya pili. Kila kitu bado kina mwenyewe: kimo kwenye mti, kwenye orodha, kwenye jedwali. Programu ikitoka inavifuta vyote kwa adabu, ripoti inatoka safi, na seva yako imekwisha kuzidiwa.

Kuna pia kimya cha upande wa pili. Kwa muda mrefu `perf report` iliacha kwa makusudi kufuta kikao chake wakati wa kutoka, kwa kuwa kulifuta faili kubwa kipande kwa kipande kulimkawiza mtumiaji bure, ilhali kenel ingeichukua kumbukumbu yote kwa mkupuo. Uamuzi wa busara kwa mtumiaji, ila ulimfanya mtafuta uvujaji aone moshi kila kona asijue moto uko wapi.

Mganga hajigangi, kwa hiyo mwitie mganga mwingine. perf ya pili inaichunguza ya kwanza:

```
perf record -e page-faults -g -p $PID -- sleep 300
perf report --no-children
```

Kwa nini `page-faults`? Kumbukumbu inayokopwa na kurudishwa huzunguka kwenye kurasa zile zile, na kurasa zilizokwisha guswa hazileti tukio hili. Ni pale tu lundo (heap, kumbukumbu inayotolewa na `malloc`) linapotanuka kwenye ukurasa mpya ndipo tukio linapotokea, na mnyororo wa miito unaonyesha nani alikuwa akiomba. Ni rahisi sana kwa mashine kulinganisha na kuweka mtego kwenye kila `malloc`. Jihadhari tu na dakika za mwanzo: subiri simboli zimalize kupakiwa, ndipo uanze kurekodi. Ukitaka kujua hasa kipi hakijarudishwa, `memleak` ya mkusanyiko wa zana uitwao bcc (kwenye Debian inaitwa `memleak-bpfcc`) hujumlisha maombi yasiyorudishwa kwa kila mfuatano wa miito. Ni nzito zaidi, ila jibu lake ni la moja kwa moja.

Washukiwa wa hapa nawajua kwa sura. Wa kwanza ni orodha ya matokeo yenyewe. perf hutengeneza ingizo moja kwa kila mchanganyiko mpya wa vigezo vya `--sort`. Panga kwa `comm,dso`, yaani jina la amri na maktaba, na utakuwa na maingizo mia kadhaa. Panga kwa `time`, na karibu kila sampuli inakuwa ingizo lake. Hapo kosa ni la aliyeuliza. `perf top` ina kinga: kila mchoro hupunguza uzito wa maingizo hadi 7/8, na lililofika sifuri huondolewa. Ukiongeza `-z` inaanza upya kila mara.

Wa pili ni `--call-graph dwarf`, njia ya kupata mnyororo wa miito kutoka kwenye nakala ya mrundiko. Kila sampuli inabeba nakala ya mrundiko, baiti 8192 usipotaja kiasi. Kwa sampuli 99 kwa sekunde kwenye CPU 8 zenye kazi, hiyo ni kama MB 6 kila sekunde. Kwa kasi ya kawaida ya `perf record`, ambayo ni 4000, inakaribia MB 262 kwa sekunde. Matukio hupangwa kwa wakati kabla ya kusomwa, na yanayosubiri zamu yanakaa kwenye kumbukumbu. Punguza: `--call-graph dwarf,4096 -F 99`, au kompaili programu yako na `-fno-omit-frame-pointer` utumie `fp`, inayofuata vielekezi vya fremu bila nakala hiyo, uachane na shida hii kabisa.

Wa tatu si wa perf hata kidogo. Ni kigawa kumbukumbu cha glibc, maktaba ya C ya mfumo. Programu imerudisha kila kitu, lakini glibc haijairudishia kenel, kwa sababu vipande vidogo vilivyobaki hapa na pale vinazuia, au kwa sababu nyuzi nyingi zimefunguliwa maghala mengi. Jaribio lake ni la sekunde mbili:

```
gdb -p $PID -batch -ex 'call (int)malloc_trim(0)'
```

`RssAnon` ikiporomoka baada ya hapo, hukuwa na uvujaji. Jaribu `MALLOC_ARENA_MAX=2` unapoiwasha perf uone kama inatosha.

## Vitu vidogo vinavyorudi rudi

`getline` ndiyo bingwa. Inatenga bafa hata pale inaporudisha -1, kwa hiyo `free(line)` lazima iwepo nje ya kitanzi, kwenye njia zote, hata kama faili lilikuwa tupu. Halafu `p = realloc(p, n)`: ikishindikana, `p` inakuwa NULL na kumbukumbu ya zamani imepotea; pokea jibu kwenye kielekezi kingine kwanza. Halafu faili la ELF (muundo wa faili za programu na maktaba za Linux) lililofunguliwa na `elf_begin` bila `elf_end`. Hilo la mwisho kwa kawaida linaandamana na faili lisilofungwa, basi hesabu `ls /proc/$PID/fd | wc -l` mara mbili kwa tofauti ya dakika tano. Namba ikipanda umepata njia ya mkato ya kumfikia.

## Hati za Python

Ukitumia `perf script` na hati ya Python kumbukumbu ikapanda, angalia hati yako kwanza: kamusi yenye ufunguo wa muda au anwani haitatulia kamwe. Ukiwa ndiye unayeandika upande wa C, kumbuka kwamba `PyTuple_SetItem` na `PyList_SetItem` hulichukua rejeo lako, lakini `PyDict_SetItemString` na `PyList_Append` huchukua lao na kukuachia lako. Ukisahau `Py_DECREF` kwenye kamusi unavuja kwa kila tukio. Kinachochekesha ni kwamba ukijaribu na namba ya CPU hutaona uvujaji, kwa sababu Python huhifadhi tayari namba za -5 hadi 256 na kuzitumia tena. Weka muhuri wa muda, na lundo linaanza kupanda. perf ina kisaidizi `pydict_set_item_string_decref` kwa ajili hiyo hiyo, kitumie.

## RssAnon imetulia, kumbukumbu ya mashine inaisha

Kama profaila yako inatumia BPF, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kenel, deni linaweza kuwa upande wa kenel, ambako `/proc/$PID/status` haifiki. Anza na `bpftool map show` uangalie safu ya `memlock`.

Mfano ninaoupenda: unapima muda wa miito ya mfumo. Kwenye kuingia unaandika saa kwenye jedwali la hash kwa ufunguo wa namba ya uzi. Kwenye kutoka unasoma, unatoa, unafuta. Inaonekana haina pa kuvujia. Lakini `exit_group` inaingia na hairudi. Kila mchakato unaomaliza maisha yake unaacha ingizo moja ambalo hakuna atakayelifuta. Jedwali la kawaida la hash hutengewa nafasi yote mwanzoni, kwa hiyo hutaona kumbukumbu ikipanda. Utaona vipimo vikianza kupotea, kwa sababu jedwali likijaa kuandika kunashindikana kwa kosa la E2BIG na programu nyingi haziliangalii jibu hilo. Futa pia kwenye `sched_process_exit`. Kubadili kuwa jedwali la LRU, linalofuta lenyewe ingizo lililokaa muda mrefu bila kutumika, kunanyamazisha dalili tu, nalo linaweza kufuta ingizo ulilokuwa bado unalihitaji.

Na kama kumbukumbu inabaki hata baada ya profaila kufa, angalia `/sys/fs/bpf`. Kilichobandikwa pale hakiondoki na mwenye nacho.

## Wakati unasubiri tiba

Usiiache bila uzio:

```
systemd-run --scope -p MemoryMax=2G perf top
```

Ikivuka, itauawa yenyewe badala ya kuua hifadhidata ya watu.

## Baada ya kuziba

Jaribu kwanza hatari ya upande wa pili. `thread__put` ya ziada ni mbaya kuliko iliyokosekana: inayokosekana inakula kumbukumbu, ya ziada inamfutia mwenzako uzi akiwa bado anautumia. Endesha `./perf test` nzima kwa perf ile ile yenye AddressSanitizer, ukitafuta `heap-use-after-free`, kisha chokoza njia za makosa zenyewe: faili lililokatwa katikati, mchakato unaokufa wakati unasomwa, mtumiaji asiye na ruhusa.

Halafu rudia kipimo cha mwanzo kwa vishikio vile vile, kasi ile ile, kitanzi kile kile cha `/bin/true`, muda ule ule, na uweke `ukuaji.txt` mbili pamoja. Mwendo ukiwa umeshuka nusu bila kufika sifuri, usiharibu ulichorekebisha ukidhani umekosea. Kuna uvujaji wa pili uliokuwa umejificha nyuma ya wa kwanza, na unaweza kuwa unasukumwa na kishikio kingine kabisa. Peleka kiraka cha kwanza peke yake, na mstari wake wa `Fixes:` unaotaja badiliko lililoleta kasoro, kisha rudi kwenye `-F 99`.